Ngama Kavu Ifikapo Alhamisi

Mkaguzi wa vyombo vya majini si mama wa maneno mengi. Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, alishuka kwenye boti ya wagonjwa iliyokuwa imerejea punde kutoka visiwani, akainua kifuniko cha sakafu, akachutama, akaingiza mkono. Mkono ulizama mpaka juu ya saa yake. Aliufuta kwa kitambaa, akamtazama nahodha, ambaye ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, kisha akaandika mistari mitatu kwenye karatasi ya kijani.

"Nahodha, nakupa mpaka Alhamisi saa nne," alisema. "Utapakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria kumi na mgonjwa wa machela. Boti itakaa majini kwa muda wa saa mbili kamili, pampu imezimwa. Nikikuta ngama kavu, natia sahihi. Nikikuta maji, boti inapandishwa juu, na mimi nitaandika kwamba aliyekabidhiwa ameshindwa kuitunza."

Ngama ni sehemu ya chini kabisa ya chombo, chini ya sakafu, ambako kila tone lililoingia bila ruhusa hatimaye hujikusanya. Chombo chenye ngama kavu ni chombo chenye afya. Chetu, na nasema chetu ingawa ni mali ya hospitali, kilikuwa kikiingiza maji kwa wiki tatu. Pampu ilitema ubavuni kila baada ya dakika chache, hata wapagazi wa gatini wakapata la kusema.

"Boti ya daktari ina mafua!" walipiga kelele kila ilipofunga kamba. "Inaleta wagonjwa au inakuja kulazwa?"

Mimi sikucheka. Mjukuu wangu alikuwa katika mwezi wa tano wa majaribio yake ya miezi sita. Kabla ya hapo alikaa miaka minne kwenye dirisha la tiketi za kivuko, akisoma vitabu vya unahodha chini ya meza. Sahihi ya Mkaguzi ingemthibitisha kazini. Bila sahihi hiyo angerudi dirishani, na karatasi ile ya kijani ingemfuata kila gati ambalo angeomba kazi. Hakulia wala hakujitetea. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Babu, tunaanza," aliniambia.

"Tumeshaanza," nilimjibu, nikavua viatu.

Nilifundisha uundaji wa boti za mbao kwa miaka thelathini na mmoja. Karakana yangu ilikuwa na daftari moja lililoogopwa kuliko fimbo: Daftari la Makosa. Aliyekosea aliandika kosa lake kwa mkono wake mwenyewe, kwa sentensi isiyo na visingizio, akatia tarehe, kisha akasimama na kuisoma mbele ya wenzake. Fundi wa boti hii ya wagonjwa, ambaye gati zima humwita Nusu, alipita mikononi mwangu. Akiwa na miaka kumi na saba alikata ubao wa mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, nusu ya urefu uliotakiwa. Aliandika, akasoma, na tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu. Sasa ana mvi na wajukuu wawili, na bado ni Nusu. Jina hilo nilimpa mimi, na kwa miaka yote hiyo niliona nimempa funzo jema.

Sina budi kukitaja pia kibao. Mjukuu wangu alipokabidhiwa boti, nilimtengenezea kibao cha shaba chenye upana wa viganja viwili, kina jina lake kamili, na chini yake neno NAHODHA. Nilikichonga kwa mkono siku tisa. Nilikifunga mwenyewe kwenye tezi, yaani upande wa nyuma wa boti, kando ya injini, mahali ambapo kila anayeshuka ngazi za gati hana budi kukisoma. Nilipima kwanza: boti ikielea, ukingo wa chini wa kibao ulikuwa vidole vinne juu ya maji. Nilitumia skrubu nne, na kila moja niliizungushia uzi wa pamba uliopakwa nta, kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha. Muuzaji wa duka la vifaa alitaka kunipa mrija wa gundi ya kisasa. Nilimwambia kwamba gundi ni ya bahasha.

Basi tulianza kwa kuonja. Nilichovya kidole katika maji ya ngama, nikayaweka ulimini, nikatema.

"Chumvi," nilisema. "Si mvua, wala si tangi la maji ya kunywa. Ni maji ya nje, na yana mlango."

"Au ni jasho la Nahodha," Nusu alisema. "Tangu Mkaguzi aondoke limemtoka debe zima."

"Fundi, wewe toa ndoo, acha jasho langu," mjukuu wangu alimjibu, naye tayari amepiga magoti, anafua maji kwa kopo na kuyamwaga nje.

Tulifua, tukapangusa kwa matambara mpaka sakafu ya ngama ikatoa vumbi. Kisha nilisaga chaki za ubaoni, nikaunyunyiza unga wake kote, kwa maana maji yakipita juu ya chaki huacha njia, na njia ina mwanzo. Boti ikakaa imefungwa gatini, tupu. Baada ya saa moja nilifunua kifuniko. Chaki ilikuwa vile vile nilivyoiacha. Baada ya saa mbili, vile vile.

"Imepona?" Nusu aliuliza.

"Chombo hakiponi chenyewe," nilisema. "Kinangoja."

Saa tisa alasiri hospitali ikaita. Mjukuu wangu alikwenda kisiwa cha pili, akarudi na mama mjamzito kwenye machela, wauguzi wawili na ndugu sita wasiokubali kubaki nyuma. Walipokwisha kushuka nilitazama ngama. Chaki yote ilikuwa uji. Hapakuwa na njia hata moja ya kufuata. Maji yalikuwa yamejaa mno na kufuta maandishi yao. Lakini tulikuwa tumejua jambo moja: boti ikilala tupu haivuji, ikibeba watu inavuja.

Nililitafakari hilo usiku kucha kitandani, na kufikia alfajiri nilikuwa nimeshapata jibu. Boti ikibeba watu hukaa chini zaidi, maji hukandamiza kwa nguvu zaidi, na palipo dhaifu chini ya tumbo hufunguka. Na chini ya tumbo la boti ile palikuwa na tundu moja tu jipya: tundu la kipimo cha kina, alilotoboa Nusu miezi mitatu iliyopita.

Jumanne asubuhi nilimkuta Nusu amelala kifudifudi, kichwa kimezama ndani ya ngama, anasafisha kichungi cha pampu. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akavuta kitu chembamba, akakitazama kwenye mwanga, na kukisokomeza haraka mfukoni mwa ovaroli.

"Nini hicho?"

"Uchafu tu, Mwalimu."

Alimtazama mjukuu wangu. Mjukuu wangu akaenda naye mpaka omo, upande wa mbele, wakanong'onezana, na waliporudi wote wawili walikuwa kama watoto waliovunja chungu. Mimi nikasema moyoni: naam, amekiri kwa mwenye boti, anaogopa kukiri kwangu.

"Nusu!" nilisema, na sikupunguza sauti, ingawa wapagazi walikuwa wameketi juu ya magunia hatua kumi kutoka pale. "Ni tundu lako la kipimo. Ulilitoboa nusu, ukaliziba nusu, na sasa binti huyu anataka kupoteza kazi kwa ajili ya nusu zako."

Wapagazi wakaangua kicheko. Nusu alikuna kisogo.

"Inawezekana, Mwalimu," alisema.

"Babu," mjukuu wangu alidakia, "hebu tuangalie na sehemu nyingine kwanza. Kwa mfano, huku nyuma..."

"Nyuma kuna injini, na injini zilifungwa kiwandani. Tunaanza na palipoguswa na mkono wa mtu."

Alitupa jicho nyuma ya boti. Halafu akaniambia jambo ambalo nililiona ni la upole tu: "Umechoka, Babu. Ungekwenda kulala kidogo mchana huu, kama kawaida yako. Sisi tutaendelea."

"Nitalala Alhamisi," nilimwambia.

Tuliivuta boti kwa trela mpaka juu ya mtelemko wa zege. Nusu alikitoa kipimo, akakwangua gundi ya zamani, ambayo, nakiri, ilikuwa nzima kabisa, akapaka mpya, akakirudisha. Kazi hiyo ilikula mchana wote. Mara tatu mjukuu wangu alinishauri nikalale. Mara ya tatu nilimuuliza kama ameajiriwa kuwa nahodha au yaya. Tuliondoka magharibi, na gundi ikaachwa ikauke mpaka asubuhi.

Jumatano saa moja boti ilirudi majini. Tulikuwa tumeazima mifuko ya mchanga kwa wajenzi wa ghala jirani, tukaipanga kama Mkaguzi alivyosema, mingi ikiwa nyuma, kwa kuwa huko ndiko linakokaa benchi la ndugu wa wagonjwa. Nilizungushia chaki nene tundu la kipimo. Tukangoja nusu saa. Nilipofunua, chaki ile ilikuwa kavu kama ilivyotoka kwenye boksi, na nyuma yake, kutoka tezini, maji yalikuwa yakija polepole, membamba, hayana haraka yoyote.

Ilikuwa haki kumwambia Nusu kwamba tundu lake halina hatia. Nilimwambia. Nilimwambia kwa sauti ndogo kuliko ile niliyomshutumu nayo, na hilo nalo nalikiri.

"Sasa ni saa mbili," nilisema. "Zimebaki saa ishirini na sita. Pandisheni boti tena. Tumekuwa tukiuliza maji yanaingilia wapi. Sasa tutayauliza yanatokea wapi. Tutaijaza ngama kwa maji kutoka ndani, tukiwa nchi kavu, tena maji ya rangi. Popote yatakapochungulia nje, hapo ndipo mlango. Nakwenda nyumbani kuchukua buluu ya kufulia."

Walitazamana tena wale wawili.

"Nenda taratibu, Babu," mjukuu wangu alisema. "Wala usikimbie. Kunywa na chai huko huko."

Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi. Nilimkuta mke wangu mlangoni, utadhani alikuwa akinisubiri.

"Karibu, mzee. Kaa unywe chai."

"Sina nafasi ya chai. Nataka buluu."

"Buluu ipo, haina miguu. Kaa kwanza. Mke mwenzangu ameniambia hujala tangu juzi." Hivyo ndivyo anavyomwita mjukuu wetu tangu utotoni, kwa utani.

"Mke mwenzako anatafutiwa dirisha la tiketi kesho saa nne. Buluu, mama, tafadhali."

Aliitoa kabatini, lakini hakuiachia mara moja. "Umekagua kila kitu kwenye hiyo boti?"

"Kila kitu."

"Na ulivyofunga wewe?"

"Nilivyofunga mimi havivuji."

"Haya," alisema, akaniachia pakiti. "Nenda."

Nilitembea haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Nilipofika kwenye mtelemko, boti ilikuwa tayari juu ya trela, omo ikitazama juu, tezi chini, kwa hiyo maji yote tutakayomimina yangekusanyika nyuma. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye tezi, mgongo wake umeegemea boti na mkono mmoja uko nyuma ya kiuno.

"Umerudi mapema," alisema.

"Nimerudi kwa wakati. Leteni mpira."

Tuliyeyusha buluu katika ndoo mbili, tukamimina, kisha tukafungulia mpira wa bomba mpaka maji yakakaribia sakafu. Nilianza kuizunguka boti kutoka omo, nikipapasa kila kiungo kwa kiganja. Tumbo, kavu. Kipimo cha kina, kikavu. Kizibo cha kutolea maji, kikavu. Nikafika tezi. Mjukuu wangu alikuwa bado amesimama pale pale.

"Nipishe, Nahodha."

"Babu, labda mimi niangalie upande huu."

"Nipishe."

Alinipisha.

Chini ya kibao changu cha shaba, kwenye kona ya kushoto, palikuwa na tone la buluu. Lilivimba, likakatika, likateleza kwenye fiba nyeupe na kuacha mstari. Lingine likafuata. Kisha kona ya kulia nayo ikaanza. Jina la mjukuu wangu, lile nililolichonga siku tisa, lilikuwa likitokwa machozi ya buluu pande zote mbili.

Nilihesabu matone kumi na moja. Sijui kwa nini niliyahesabu.

"Nusu," nilisema hatimaye. "Toa kilichomo mfukoni."

Alitia mkono kwenye ovaroli, akanitolea uzi wa pamba wenye urefu wa kidole, umechakaa, na vipande vya nta bado vimeushikilia.

"Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi, Mwalimu. Ulikuwa kwenye kichungi cha pampu."

"Ulikuwa nao mfukoni nilipokushutumu mbele ya wapagazi?"

"Nilikuwa nao."

"Kwa nini hukuutoa?"

"Ningeutoaje, Mwalimu? Nikuambie nini? Wewe ndiye uliyenifundisha kuuzungusha."

Niligeuka kwa mjukuu wangu. Alileta mbele mkono uliokuwa nyuma ya kiuno. Ulikuwa umeshika bisibisi.

"Nilitaka kukifungua ukiwa umelala," alisema. "Nizibe, nikirudishe, usijue. Tangu jana nakwambia nenda kalale, nenda kalale. Hulali! Nimempigia Bibi akucheleweshe kwa chai, hata chai hunywi!"

"Na kama nisingelala kabisa?"

"Ningekifungua leo jioni, ulale usilale." Aliigeuza bisibisi mkononi. "Nisingekubali kupoteza boti, Babu. Ila nilitaka nijaribu kwanza njia isiyokuaibisha."

Nina miaka sabini na minane, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimedai heshima nyumbani na kazini bila kuchoka. Siku ile niliiona heshima yenyewe ana kwa ana. Ilikuwa imeshika bisibisi nyuma ya mgongo, imebeba uzi mfukoni, imenipikia chai, na kwa muda wa siku nzima ilikuwa tayari boti izame pole pole kuliko kumwambia mzee mmoja kwamba amekosea. Hawakujifundisha wenyewe hayo.

Kosa lenyewe lilikuwa wazi, na lilikuwa la fundi wa mbao. Skrubu yenye uzi na nta ukiitia kwenye ubao, ubao hunywa maji, huvimba, na kuibana mpaka mwisho wa dunia. Boti hii ni ya fiba, na fiba haivimbi. Injini zilitikisa, jua likayeyusha nta, uzi ukalegea na kunyonywa ndani. Na vile vidole vinne nilivyopima nilivipima boti ikiwa tupu. Ikipakia watu wa benchi la nyuma, kibao kilizama, na skrubu mbili za chini zikawa milango miwili.

"Nahodha," nilisema, "toa amri."

Alinitazama kuona kama nina hasira. Hakuiona. Akavuta pumzi.

"Fundi, fungua kizibo, toa maji yote. Babu, toa kibao, ni chako. Mimi naenda hospitali kuomba resini. Wana mkebe wa kukarabati vitanda vya chumba cha upasuaji. Nikirudi nataka matundu yote manne yawe wazi."

Nilifungua skrubu zangu mwenyewe. Mbili za juu zilinigomea, mbili za chini zilitoka kwa vidole. Ndani ya ukuta wa tezi kuna ubao uliofungiwa kati ya matabaka mawili ya fiba, na kwenye matundu ya chini ubao huo ulikuwa mweusi, umeloa. Mjukuu wangu aliporudi alichungulia, akauma mdomo.

"Resini haishiki kwenye unyevu," alisema. "Tunapanua kwa keekee mpaka tukute ubao mkavu. Kisha tunakausha. Nimekuja na kikaushio changu cha nywele."

Nilitaka kusema kwamba ubao uliolowa huachwa juani wiki mbili. Nikameza maneno yangu. Hatukuwa na wiki mbili. Tulikuwa na mchana mmoja na nahodha anayejua anachofanya. Nusu alitoboa polepole, na vumbi lililotoka lilikuwa jeusi, kisha kahawia, kisha rangi ya biskuti.

"Hapo," mjukuu wangu alisema. "Simama."

Kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeshika kikaushio cha waridi, nikipuliza tundu moja baada ya jingine kwa zamu ya dakika tano. Mkono ulikufa ganzi, nikahamishia mwingine. Wapagazi hawakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Mzee amefungua saluni!"

"Mzee, na mimi nina ndevu mbichi hapa, utanichukua saa ngapi?"

"Ukishamaliza kubeba magunia," niliwajibu. "Hapa hatuhudumii wachafu." Wakacheka, na safari hii nilicheka nao.

Saa kumi na moja mjukuu wangu aliingiza karatasi ya shashi ndani ya kila tundu, akaizungusha, akaitoa. Ilikuwa kavu mara zote nne. Alipima resini na kigumisho kwa mabomba mawili ya sindano ya hospitali, akachanganya akihesabu kwa sauti, akajaza matundu kutoka ndani kwenda nje, akabandika juu yake vipande vya kitambaa cha fiba, akavipaka tena. Hakumwagia hata tone pembeni. Nimewaona mafundi wa miaka ishirini wasio na mkono huo, nikamwambia.

"Nimejifunza kwako," alisema.

"Si hili."

"Kutomwaga pembeni nimejifunza kwako, Babu."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi alivigonga vile viraka kwa ukucha. Vililia kama sahani. Saa mbili boti ilikuwa majini. Saa nne kamili Mkaguzi alifika na karatasi zake za kijani, akahesabu mifuko ya mchanga mmoja mmoja, akazima swichi ya pampu kwa mkono wake, kisha akafanya jambo ambalo sijapata kuliona kwa mkaguzi yeyote. Alifungua gazeti la siku ile, akalitandaza ndani ya ngama, ukurasa kwa ukurasa, kutoka omo hadi tezi, akafunika.

"Tuonane saa sita," alisema, akaenda kuketi kivulini.

Saa mbili hizo zilikuwa ndefu. Mjukuu wangu alisimama gatini mikono nyuma, macho kwenye tezi. Maji yalikuwa yamepanda mpaka juu ya viraka vinne vyeupe. Nusu alivuta sigara tatu ambazo hakuziwasha. Mke wangu alikuja na chupa ya chai, na safari hii nilikunywa.

Saa sita Mkaguzi alifunua. Aliokota gazeti ukurasa mmoja mmoja, akalikung'uta, akalifunua katikati na kulisoma kwa muda, akiwa bado amechutama ndani ya boti.

"Habari za michezo hazijalowa," alisema. Akapanda juu, akaomba daftari la chombo. "Nahodha, andika chanzo na matengenezo, nami nitie sahihi chini yake."

Mjukuu wangu aliandika: Maji yaliingia kupitia skrubu za tezi zilizofungwa bila gundi. Matundu manne yamezibwa kwa resini na fiba. Akaweka kalamu.

Mkaguzi alisoma. "Zilifungwa na nani?"

Mjukuu wangu aliinama kuikunja kamba.

"Zilikuwepo tu," Nusu alisema, akitazama baharini.

Niliichukua kalamu. Niliandika chini ya mwandiko wake: Skrubu hizo zilifungwa na mimi, babu wa nahodha, mwalimu mstaafu wa uundaji wa boti, kwa uzi na nta ya mbao juu ya fiba, bila kuomba ruhusa ya nahodha. Fundi alishutumiwa na mimi kwa kosa hili pasipo haki. Nimekosea. Kisha nilisimama wima na kuyasoma kwa sauti ile ile niliyoitumia Jumanne, ili yafike kwenye magunia.

"Mzee, sikuhitaji kusomewa," Mkaguzi alisema.

"Ndivyo ilivyokuwa kwenye karakana yangu."

"Mwalimu," Nusu alisema kwa upole mkubwa, "umesahau tarehe."

Nilitia tarehe. Kisha nikamshika mkono, nikamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Mkaguzi alitia sahihi chini ya maneno yangu, na alikuwa bado hajaifunika kalamu yake redio ya boti ilipokoroma. Kisiwa cha nne, mzee amevunjika nyonga, waje na machela. Mjukuu wangu alikuwa ameshaingia ndani kabla sauti haijamaliza.

"Mchanga utoke wote! Fundi, washa injini na pampu. Wasio na kazi washuke botini." Akanitazama. "Na wewe pia, Babu."

Nilishuka. Nilikuwa nimekibeba kibao chini ya kwapa tangu asubuhi, nimekisugua mpaka kikang'aa. Nilimpa kupitia ukingo wa boti, pamoja na mrija wa gundi ya kisasa nilioununua nikiwa njiani kuja.

Aliupokea, akaupindua. "Nikibandike wapi?"

"Nahodha ni wewe."

Alikiweka kando ya usukani, ndani, akaendelea na kazi. "Kamba!" aliita, nami nikaifungua na kumrushia.

Boti iligeuka. Nilisimama gatini nikitazama ubavu wake, pale pampu ilipozoea kutema. Ilipita boya la kwanza, ikapita la pili, na hakuna hata tone lililotoka.